Ndege Aliyekula Mishumaa ya Kanisani

Katika miaka ya 1580, Mdominikani mmoja Mreno, padre João dos Santos, alikuwa akifanya utume Sofala, kwenye pwani ya nchi tunayoiita leo Msumbiji. Kanisani kwake palikuwa na mgeni asiye wa kawaida: ndege mdogo aliyeingia ndani, akarukia mishumaa ya nta na kuidonoa. Padre angeweza kumfukuza kwa fimbo na yakaisha. Yeye alichukua kalamu. Aliandika kwamba ndege wa namna hiyo ana tabia nyingine ya ajabu zaidi. Huwaita watu porini na kuruka mbele yao mti kwa mti huku akipiga kelele, mpaka awafikishe penye nyuki. Watu wakishachukua asali, yeye hula nta inayobaki. Kitabu cha padre huyo, Ethiopia Oriental, kilichapwa Évora, Ureno, mwaka 1609.

Sisi mafrateri wanne wa mwaka wa pili wa falsafa tumekuwa tukimfuatilia ndege huyo tangu mwaka jana, kwanza kwenye maandishi, baadaye kwa miguu. Alhamisi mchana, wenzetu wakienda uwanjani kucheza mpira, sisi hutoka na daftari na darubini moja ya kupokezana. Tumepewa jina la "wachungaji wa ndege", na hatulikatai. Lakini makala hii haihusu matembezi yetu ya Alhamisi. Inahusu mambo yaliyogunduliwa juu ya ndege huyu tangu mwaka 1989 hadi sasa. Kwa maoni yetu hayo ni kati ya mambo makubwa kabisa katika elimu ya ndege, na yamegunduliwa huku huku kwetu: Kenya, Msumbiji, Zambia na Tanzania.

Kwa Kiswahili anaitwa mlembe. Wataalamu humwita Indicator indicator, yaani mwonyeshaji, mara mbili, kana kwamba mara moja haikutosha. Kwa sura hana makuu. Ni mdogo kuliko njiwa, rangi yake kahawia iliyopauka, na pembeni mwa mkia ana manyoya meupe yanayoonekana akiruka. Ukimkuta ametulia tawini hutampa hata nusu dakika ya darubini. Chakula chake ni nta, pamoja na mayai na majana ya nyuki. Shida yake ni kwamba nyuki wa mwituni hujenga ndani ya tundu la mti, mara nyingi juu sana, na ndege wa ukubwa ule hawezi kupasua mti, wala hawezi kustahimili miiba ya kundi zima. Binadamu ana shoka na moto wa kufukiza. Lakini binadamu hana mabawa, na katika pori la miombo lenye miti isiyohesabika hajui ni mti upi wenye nyuki. Basi kila mmoja ana nusu ya shauri.

Wawindaji wa asali walilijua hilo karne nyingi kabla ya padre dos Santos. Kilichokosekana ni mtu wa kulichukua neno lao kwa uzito na kulipima. Alipatikana Kenya. Mtafiti Mkenya, Hussein Isack, akishirikiana na mwenzake H.-U. Reyer, aliwafuata Waborana wa kaskazini mwa nchi hiyo. Waborana walidai kwamba wakimwangalia mlembe wanajua mambo matatu: nyuki wako upande gani, wako umbali gani, na kwamba sasa wamefika. Walidai pia kwamba wanayajua hayo kwa jinsi anavyoruka, urefu wa tawi analotua, na sauti yake. Ukiyasikia madai ya namna hii kijiweni, unaitikia kwa heshima halafu unabadilisha mazungumzo. Isack na Reyer hawakubadilisha mazungumzo. Walipima. Walikuta kwamba mwelekeo wa ndege kweli huelekea kwenye nyuki. Kadiri nyuki wanavyokaribia, vituo vyake huwa vya karibu karibu na hutua chini zaidi. Akishafika, sauti hubadilika. Walikuta pia kwamba katika maeneo wasiyoyazoea, watu bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja wa mwituni. Wakiongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1989.

Tulipoyasoma tulikuwa kwenye somo la nadharia ya maarifa, tukijadili kama ushuhuda wa mtu mwingine ni chanzo halali cha ujuzi au ni uvumi tu mpaka uuthibitishe mwenyewe. Swali hilo haliko mbali nasi. Karibu yote tunayoyasadiki tumeyapokea kwa kusikia. Waborana walikuwa na ujuzi kamili, wenye sababu zake, wenye alama za kuupima, na wenye faida waliyoila kila msimu. Jarida halikuwapa ujuzi huo. Liliwapa wengine sababu ya kuwaamini.

Hapa tuchomeke kisa kingine kidogo, kwa sababu kinatuchekesha kila tukikikumbuka. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika milima ya Udzungwa, hapa Tanzania. Jioni wakaona miguu ya ndege ndani ya sufuria, na miguu yenyewe haikufanana na ya ndege yeyote waliyemjua. Ndivyo alivyojulikana kwa sayansi kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia. Mwaka 1994 akapewa jina rasmi, Xenoperdix udzungwensis. Gazeti likisema "amegunduliwa", tunajiuliza aliyempika tumwiteje.

Turudi kwa mlembe. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake, Keith na Colleen Begg, walichapisha utafiti walioufanya kaskazini mwa Msumbiji, katika Hifadhi ya Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma kutoka kwetu. Huko Wayao wakienda kutafuta asali humwita ndege kwa sauti maalumu: mtetemo mrefu wa midomo na ulimi, kisha mguno mfupi, kitu kama "brrr-hm". Hawaitumii sauti hiyo kwa jambo jingine lolote. Walipoulizwa waliipata wapi, walijibu kwamba ni ya baba zao. Watafiti wakatembea porini wakiwa na spika. Safari nyingine walipiga sauti hiyo, nyingine walipiga sauti tofauti za watu au za wanyama. Kwa zile sauti tofauti, uwezekano wa ndege kuja kuwaongoza ulikuwa asilimia 33. Kwa mwito wa Wayao ulipanda hadi asilimia 66. Uwezekano wa safari nzima kuishia kwenye nyuki ulitoka asilimia 16 ukafika 54.

Maana yake ni kwamba si mtu tu anayemwelewa ndege; ndege naye anamwelewa mtu. Mlembe si wa kufugwa. Hajafungwa kamba, hajalishwa mkononi, hana bwana. Ni mnyama wa mwitu kabisa, naye akisikia sauti ile hutambua kwamba huyu anayepita hana shida ya kuni wala njia, anataka asali.

Utafiti wa mwaka 2023 ulitukalisha kitako. Spottiswoode alishirikiana na Brian Wood, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hawatumii "brrr-hm". Wao hupiga mluzi, mluzi wa kupanda na kushuka, karibu na wimbo. Ndege ni aina ileile. Basi watafiti wakabadilishana sauti: mwito wa Wayao ukapigwa vilima vya Kidero, na mluzi wa Kihadzabe ukapigwa Niassa. Milembe wa Kidero waliuitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya kigeni. Wale wa Niassa waliitikia sauti yao ya nyumbani karibu mara mbili kuliko mluzi. Ndege wa kila mahali amejifunza lugha ya watu wa mahali pale.

Mmoja wetu alisema, "Kumbe na ndege wana parokia." Tulicheka, lakini usiku ule tulichelewa kulala.

Swali lilikuwa hili: nani anamfundisha? Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 78, Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza kwamba wanyama wana uwezo wa ndani wa kukadiria lenye faida na lenye madhara, hata pale ambapo macho na masikio peke yake yasingetosha. Mfano wake mmoja ni kondoo anayemkimbia mbwa mwitu. Mwingine ni wa ndege: huokota majani makavu, si kwa kuwa yanapendeza machoni, bali kwa kuwa yanafaa kujengea kiota. Tumezoea kuukariri mfano huo kwa ajili ya mtihani na kuuacha hapo, kana kwamba ndege wa Thoma ni saa iliyokwisha jazwa, inayokwenda yenyewe. Lakini Aristotle, mwanzoni kabisa mwa Metafizikia, anasema kwamba mnyama mwenye kumbukumbu na mwenye kusikia anaweza pia kufundishika. Mfano anaoutoa wa kiumbe mwenye busara asiyefundishika, kwa sababu hasikii sauti, ni nyuki. Hatukutarajia kuwakuta nyuki pale. Aristotle hakumjua mlembe, lakini mstari alioupiga unapita katikati ya mzinga na tawi alilotua ndege.

Na mlembe hafundishwi na mama yake, kwa sababu hamjui. Hapa tunaingia mahali pasipopendeza. Mlembe hajengi kiota. Jike hutaga ndani ya mashimo ya ndege wengine, kwa mfano keremkerem, akaenda zake. Kinda la mlembe likianguliwa, likiwa bado kipofu na bila manyoya, lina kulabu kali kwenye ncha ya mdomo. Vifaranga wa mwenye nyumba wanapoanguliwa, kinda hilo huwauma na kuwatikisa gizani mpaka wafe, kisha hubaki peke yake likilishwa na wazazi wa wale waliouawa. Spottiswoode na mwenzake waliirekodi kwa kamera Zambia na kuichapisha mwaka 2011. Tuliangalia picha hizo pamoja, kwenye simu ya mmoja wetu, na hakuna aliyetaka kuirudia.

Kwa hiyo tabia ya kuongoza yaelekea amezaliwa nayo, maana keremkerem hawezi kumrithisha. Ila maana ya mluzi wa Kihadzabe au ya mguno wa Kiyao lazima aipate akiwa mkubwa, kwa kusikiliza na kujaribu, labda kwa kuwaona wenzake. Na ndege huyu huyu, mwenye damu ya ndugu zake wa kambo mdomoni, ndiye anayeketi juu ya tawi na kumwita mwanadamu waende pamoja. Katika Zaburi za Masifu ya asubuhi tunawaalika ndege wote wamsifu Bwana. Mmoja wetu aliuliza kama tunamwalika na huyu. Mwingine akajibu kwamba orodha ile haina mapengo, ina hata nyoka na mvua ya mawe. Wa tatu akasema jibu hilo ni jepesi mno kwa keremkerem. Hatujakubaliana hadi leo, na mlezi wetu, tulipompelekea, alituambia tuendelee kutokubaliana mpaka tufike teolojia.

Nta ndiyo iliyotugawa zaidi. Kati ya Wayao wa Niassa, mtu akishatoa asali humwachia ndege masega yenye nta, tena hutandika majani mabichi na kuyaweka juu yake. Sehemu nyingi za Afrika husimuliwa kwamba usipomlipa mlembe, siku nyingine atakupeleka kwa simba au kwa nyoka. Lakini Wahadzabe, kama Wood na wenzake walivyoonyesha mwaka 2014, mara nyingi hufanya kinyume. Nta iliyobaki huichoma, huifukia au huificha, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Na si kwamba hawamhitaji: utafiti huohuo ulikuta kwamba ndege huwaongezea kasi ya kupata nyuki kwa asilimia 560.

Mmoja wetu aliona hiyo ni dhuluma tupu. Alitukumbusha sheria ya Kumbukumbu la Torati, ile ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Mwenzake akamkumbusha kwamba Mtume Paulo, akiandikia Wakorintho, aliichukua sheria hiyohiyo na kuuliza kama kweli Mungu anahangaikia ng'ombe, kisha akaigeuza kuwa haki ya wahubiri kula kwa kazi yao. (Wahubiri wa kila zama wameipenda tafsiri hiyo.) Naye Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anasema wazi kwamba hakuna urafiki wala haki kati yetu na farasi au ng'ombe, kwa sababu hakuna jambo la pamoja kati yetu nao. Anaendelea kusema hivyo hivyo juu ya mtumwa kama mtumwa, na hapo kila mwanafunzi Mwafrika huweka kitabu chini kidogo.

Nasi tunadhani hapo ndipo mlembe anapombana Aristotle. Jambo la pamoja lipo. Ni mzinga mmoja, safari moja, mwito wa huku na mwito wa kule. Ng'ombe hakumwita mkulima waende kulima. Mlembe amekuja mwenyewe, na anaweza kuondoka mwenyewe. Kama haki inahitaji kitu kinachoshirikiwa, basi hapa kinashirikiwa kuliko katika ndoa kadhaa tunazozifahamu. Hatusemi ndege ana haki kama mtu. Tunasema kwamba yule mzee anayetandika majani mabichi hafanyi ushirikina wala hisani. Analipa.

Tena tusiwe wepesi kuwahukumu Wahadzabe tukiwa na uji mezani saa moja kasoro kila asubuhi. Mwenzetu aliyekulia upande wa Karatu ndiye aliyetusimamisha. Kwa watu hao asali si kitafunio. Ni chakula cha watoto, na eneo lao linazidi kumegwa mwaka hadi mwaka. Alisema anayechoma nta ili ndege asishibe anafanya kwa mlembe kile ambacho matajiri humfanyia kibarua, ila yeye si tajiri. Hatukuwa na jibu la haraka.

Usiku wa Pasaka, Mbiu inapoimbwa mbele ya mshumaa mkubwa, kazi ya nyuki hutajwa kwa sifa. Mwaka huu tuliposikia neno nyuki, wanne sisi tuliangaliana gizani.

Lakini yote haya yana kikomo kinachokaribia. Pale watu walipoacha kwenda porini kwa ajili ya asali, kwa sababu sukari iko dukani na mizinga ya kisasa iko nyuma ya nyumba, ndege huacha kuitikia. Haachi kwa hasira. Hana wa kujifunza kutoka kwake. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti kuhusu Waaweer wa pwani ya Kenya, upande wa Lamu, ambao wana mwito wao na majina yao kwa mambo haya, na ambao kwao pia uwindaji wa asali unazidi kupungua. Kizazi kimoja cha watu kikikaa kimya kinatosha. Nao ndege hawaishi miaka mingi: walioijua sauti wakifa, wanaofuata watabaki wakiita, na aliye chini atadhani ni kelele tu za ndege.

Mwenzetu mmoja kwa mama ni Myao wa Tunduru. Babu yake mzaa mama, Mwislamu mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, ndiye mtu wa mwisho kijijini kwao anayekwenda porini kwa mwito. Likizo iliyopita tulikwenda kumtembelea, sote wanne. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatukagua mmoja mmoja na kuuliza, kwa utani wa babu kwa wajukuu, kama ni kweli tumekataa kuoa ili tupate muda wa kuangalia ndege. Alipopata habari za yule padre wa Sofala alicheka mpaka akakohoa. Akataka kujua kama mishumaa yetu seminarini ni ya nta. Tulipomwambia mingi siku hizi ni ya parafini, alisema, "Basi kanisani kwenu hatakuja."

Kesho yake alfajiri tulitoka naye. Alibeba shoka na kiberiti, sisi tulibeba maji. Baada ya mwendo wa saa moja hivi alisimama akaita. Tulikuwa tumesikiliza sauti ya Niassa mara nyingi kwenye simu. Hii ilikuwa ndugu yake, nzito zaidi mwishoni. Aliita, akatembea, akaita. Ilipata robo saa. Kisha juu ya mtondoo ndege akaanza kulalama, sauti ya kukwaruza kama mtu anayetikisa kisanduku cha kiberiti. Babu hakugeuza kichwa. Alisema tu, "Sego," jina lake kwa Kiyao, na akaongeza mwendo.

Tulimfuata kwa muda ambao hakuna kati yetu aliyekumbuka kuupima. Ndege aliruka, mkia ukafunguka mweupe, akatua, akalalama, akatungoja. Mara mbili tulichelewa kwenye vichaka, na mara mbili alirudi kututazama. Mwenzetu mwenye darubini hakuitumia hata kidogo. Kisha tukafika penye nguzo ya zege yenye namba, mpaka wa eneo lililohifadhiwa, ambako kuingia kutafuta asali bila kibali hairuhusiwi. Kibali cha babu kilikuwa kimekwisha muda, na cha kwanza kilimgharimu safari tatu za mjini. Ndege alikuwa ng'ambo, kwenye mti wa pili baada ya nguzo. Alikuwa ametua chini kuliko mwanzo, na vituo vyake vilikuwa vimekaribiana. Kwa kipimo cha Waborana, nyuki walikuwa karibu sana.

Babu aliketi juu ya gogo. Hakulalamika juu ya mtu yeyote. Alisema zamani nguzo ilikuwa mbali zaidi, na kwamba anajua kwa nini imewekwa, maana wapo waliokuwa wakiingia kuchoma mkaa na kuwinda ndovu kwa kisingizio cha asali. Ndege aliendelea kuita. Alisogea mti wa tatu, akarudi wa pili. Tulikaa pale mpaka jua lilipoanza kuwa kali, watu watano kimya, tukiitwa na mtu ambaye hatukuweza kumjibu. Kisha babu akachukua shoka lake akasema, "Twendeni. Tunamfundisha uongo."

Neno hilo tumelibeba hadi darasani. Kwa Thoma, mnyama hasemi uongo, kwa kuwa hana akili ya kuulinganisha usemi na ukweli. Lakini babu hakusema kwamba ndege anadanganya. Alisema kwamba ndege anadanganywa: kila anapoita na kuitikiwa, halafu watu wakageuka nyuma, anajifunza kwamba mwito wa mwanadamu hauna kitu. Tumejiuliza ni wangapi wengine tunaowaitikia hivyo hivyo, na tumeliacha swali hilo kwa mafungo.

Jioni, uani, tulimwomba babu aturekodie mwito. Aliita mbele ya simu mara tatu, kwa makini, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Tulimchezea asikie. Aliinamisha sikio, akaridhika, akauliza, "Hii simu akiitikiwa, nani atabeba shoka?"

Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa akiosha vyombo karibu na karo. Aliijaribu ile sauti mara moja, taratibu, bila kutuangalia. Mtetemo ulikuwa mzuri. Mguno ulikuja mapema mno, na babu akamwambia arudie.